Shemasi Hajaliwa

Nchi yenyewe haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utaumiza macho bure, na ukiona inafanana na nchi ya jirani yako, kamuulize jirani. Ila waliowahi kuishi huko wanasema ilikuwa nchi karimu kupita zote duniani, na hilo lilithibitishwa kila mwaka na Wizara ya Ukarimu ya nchi hiyohiyo, bila kupingwa.

Yote yalianza na sheria ya zaka. Waheshimiwa walikaa kikao wakasema, jamani, Mungu ametupa mvua, ametupa uhai, ametupa posho; tumheshimu. Kila mwananchi atoe fungu la kumi. Wazo zuri, nani alikatae? Sheria ikaandikwa, ikapelekwa kupigwa chapa, huko mpiga chapa akapitiwa na usingizi kidogo, ikatoka inasema kila mwananchi atabakiwa na fungu la kumi. Ikaja kusainiwa siku ya sherehe, matarumbeta yanalia, hakuna aliyesoma. Kosa lilipogunduliwa, Waziri wa Ukarimu alisimama bungeni, akapangusa miwani, akasema, "Mheshimiwa Spika, katika mambo ya Mungu serikali hii haijui kurudi nyuma." Meza zikapigwa mpaka moja ikavunjika mguu.

Sasa mtu aliyebakiwa na fungu la kumi, Jumapili atatoa nini? Atatoa ahadi. Kapu la sadaka likipita unaliinamia, unanong'ona, "Naahidi mbuzi," kapu linaendelea kwa mwenzako. Makapu yenyewe yalikuwa yametoboka vitako siku nyingi na hakuna aliyejua, maana ahadi haidondoki.

Watu wakazoea. Na ukizoea kumpa Mungu ahadi, binadamu mwenzako ni nani hata umpe kitu?

Hilo Mzee Zefania alilijua vizuri kuliko wengi. Alikuwa fundi wa miavuli, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya besi iliyowahi kuimba kwaya kabla kwaya haijaanza kuahidi nyimbo. Mke wake Yunike alipofariki, msemaji wa msiba alisimama na kipaza sauti akatangaza: "Ndugu wa upande wa mke wanaahidi machozi. Akina mama wanaahidi chakula. Majirani wanaahidi kumtembelea mfiwa asije akazongwa na mawazo." Watu wakapiga makofi, wakatawanyika. Kaburi lenyewe alilifukia Zefania pamoja na mtu mmoja aliyekuwa anapita njia, mgeni, asiyejua desturi za pale.

Hawakujaliwa watoto. Aliyebaki nyumbani ni jogoo.

Jogoo huyo Yunike alimwita Shemasi, kwa sababu alikuwa anaamsha watu wasali, na pia kwa sababu alipenda kutembea mbele za watu kifua nje bila kazi maalumu. Alfajiri akiwika, Zefania anajibu kutoka kitandani, "Nimeamka, bwana, punguza." Akipika uji anamwambia umeungua. Akirudi jioni kutoka kibandani kwake cha kazi anamsimulia: leo kaja mteja mmoja, ana mwavuli hauna kitambaa, anataka niutengeneze bila kubadilisha kitambaa. Shemasi anainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Mengi hakuyaelewa, lakini alikuwepo. Kwenye mtaa ule, huyo ndiye aliyekuwepo.

Jumapili moja Mchungaji Mika akahubiri. Alikuwa mnene wa wastani, na siku hiyo sijui ilikuwaje, akasema neno la kweli bila kukusudia. Alisema Mungu apewe kilicho bora, si kilichobaki. Akaendelea na matangazo. Lakini Zefania neno lilikuwa limeshamkwama.

Alirudi nyumbani akatazama vitu vyake. Kitanda? Kimepinda. Koti? Hata nondo walikuwa wamelihama. Akawaza atoe mwavuli mpya kabisa, wenye mpini wa mbao, na akaanza kujipongeza. Hapo Shemasi akawika mlangoni. Zefania akageuza uso kama mtu aliyekutana na mdai wake njiani.

Wiki nzima alijifanya hajui. Jumamosi akasalimu amri. Akakaa kwenye kigoda, akamchukua jogoo mapajani, akajisemea kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na wa kumsikia: "Mungu mwenyewe hali kuku. Kwa hiyo kuna mtu mahali, ana njaa, nyumba yake haijanukia mchuzi siku nyingi. Huyo atakula. Atashiba. Atasema, asante Mungu. Asante hiyo ndiyo yangu, ndiyo nampelekea." Shemasi akampiga jicho. "Usinitazame hivyo," Zefania akamwambia. "Ningekuwa na kitu kingine kizuri, ningekitoa."

Kwenye makanisa ya nchi ile, kama ilivyo kwa watu wengi, vitu vilivyotolewa sadaka vilinadiwa nje baada ya ibada. Zamani mtu alinunua, akaenda kula, au akasema, "Nimenunua, nampa bibi yule pale," na bibi anacheka, anapeleka ndizi nyumbani. Wizara ikaona hapo hakuna utaratibu. Ikatunga Kanuni ya Kupandisha: kwa kuwa Mungu yuko juu, kila zawadi lazima iende juu. Anayenunua ataje aliyemzidi cheo, basi. Ukimpa aliye chini yako umemgeuzia Mungu mgongo.

Basi Jumapili hiyo dalali, mzee wa kanisa mmoja aliyeitwa Amoni, akamnyanyua Shemasi hewani. "Jogoo huyo! Ana sauti, ana miguu, ana wokovu! Nani anaahidi?"

"Naahidi debe la mahindi!" akasema mwalimu.

"Naahidi shamba lenyewe!" akasema mwenye duka.

"Shamba unalo?"

"Si ndiyo naahidi?"

Likapigwa kofi, jogoo akaenda kwa mwenye duka, na mwenye duka, bila hata kumshika, akasema, "Nampa Mchungaji!" Makofi, vigelegele. Zefania akafurahi kidogo. Akajisemea, Mchungaji ana watoto wengi, watakula mchuzi leo.

Lakini na Mchungaji alikuwa na mkubwa wake. Jumapili iliyofuata Shemasi akapandishwa kwa Askofu. Askofu akampandisha kwa Mkuu wa Mkoa. Mkuu wa Mkoa, kwa Waziri. Waziri, kwa Mtoaji Mkuu, yaani kiongozi wa nchi, ambaye mwenyewe hajawahi kutoa kitu, si kwa ubahili jamani, ni kwamba vyote vilikuwa vyake. Na Mtoaji Mkuu alipomaliza kupiga naye picha akatazama juu, akaona mawingu tu, akatamka kwa unyenyekevu, "Namrudisha mnadani." Taifa likalia machozi ya kweli, siyo ya ahadi. Na Shemasi akaanza tena chini.

Akazunguka hivyo miaka. Kila akipanda, zawadi inahesabiwa upya, na takwimu za ukarimu zikapanda naye. Kuku mmoja, lakini kwenye taarifa za Wizara taifa lilikuwa limetoa kuku wa kutosha kuziba jua. Akavalishwa utepe. Akapewa dereva. Akapewa na cheo, Mkurugenzi wa Alfajiri, na redio ya taifa ikawa inafungua matangazo kwa sauti yake.

Ndivyo Zefania alivyoishi sasa. Alfajiri anawasha redio. Shemasi anawika. Zefania anajibu kitandani, "Nimeamka, bwana," na redio inasema, hii ni taarifa ya habari. Anapika uji, hamsimulii mtu. Majirani wakimkuta barabarani wanamwambia, "Mzee Zefania! Nitakuja kukuona!" na wanapita. Aliwahi kukaa nje na vikombe viwili vya chai mpaka cha mgeni kikaingia mende.

Ila lililomkosesha raha hasa halikuwa hilo. Upweke alishauzoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Lililomkosesha raha ni kwamba alimtuma jogoo mahali, na jogoo hajafika. Kila akisikia sauti ile redioni anajua: bado yu hai, bado hajaliwa, mwenye njaa bado yuko na njaa yake, na mimi kwa Mungu sijatoa kitu.

Akavaa koti, akaenda Wizarani.

Alimkuta karani kwenye dirisha, dada mwembamba, Drusila, shati limepigwa pasi vizuri, kola imechakaa.

"Shikamoo mzee. Shida yako?"

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuuliza tu. Shemasi keshaliwa?"

Drusila akaacha kalamu. Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu.

"Mzee," karani akasema taratibu, "unataka kula shemasi?"

"Siyo mimi! Mtu yeyote mwenye njaa."

"Wa kanisa gani, huyo shemasi?"

"Wa kwetu. Nimemlea mwenyewe tangu yuko kwenye yai."

Ikabidi aeleze mpaka mwisho. Drusila alipoelewa alijitahidi asicheke, akashindwa, akaficha uso nyuma ya faili. Kisha akakumbuka yuko kazini.

"Mzee wangu, unayemzungumzia ni Mkurugenzi. Haliwi. Ni mali ya Mungu."

"Basi Mungu keshampata?"

"Yuko njiani."

"Mwaka wa ngapi huu, yuko njiani? Hata mimi kwa miguu ningeshafika."

Drusila akatazama nyuma, akatazama pembeni, akasogeza mdomo dirishani. "Labda umnunue mwenyewe, baba. Kuna kanuni ya zamani, walisahau kuifuta: taslimu inashinda ahadi. Hata kama mtu kaahidi milima. Ipo tu, haijawahi kutumika. Sisi wenyewe hapa taslimu hatujui inafananaje siku hizi." Halafu kwa sauti kubwa: "Mwingine!"

Zefania akavuka mpaka. Upande wa pili kulikuwa na watu wa kawaida, wenye pesa ya kawaida na miavuli ya kawaida, na masika yalikuwa yameanza. Akashona, akanyoosha vyuma, akalala vibarazani mwa watu. Kila alichopata alitenga kwanza fungu la kumi, lile la kweli, dogo, akalipeleka kwenye kanisa la huko. Mara ya kwanza alipodondosha sarafu kapuni alishtuka: ilitoa mlio. Kapu la watu hawa lilikuwa na kitako! Na Jumatatu akawaona wazee wa kanisa hilo wakibeba unga kupeleka kwa mjane mmoja pale juu kilimani, hawana tarumbeta, mmoja anamlaumu mwenzake kwamba hashiki mfuko vizuri. Zefania akasimama akawatazama mpaka mvua ikamlowesha. Fundi wa miavuli.

Akarudi kwao Siku ya Kutoa Kitaifa. Uwanja umejaa. Shemasi alikuwa jukwaani kwenye kiti cha manyoya (si yake), na ukweli ni kwamba alikuwa amezeeka vibaya. Upanga wa kichwani ulikuwa umepauka. Hakuna aliyeruhusiwa kumweka karibu na kuku wengine, kwa heshima ya cheo, na alikuwa na macho ambayo Zefania aliyafahamu, maana aliyaona kila siku kwenye kioo.

"Naahidi ng'ombe elfu!" alianza Waziri wa Ukarimu.

"Naahidi ziwa!" akasema Waziri wa Maji.

"Ziwa lipi, mheshimiwa?" akauliza dalali.

"Lile la kaskazini."

"Lile si la nchi jirani?"

"Ndiyo nikasema naahidi."

Uwanja ukavuma. Dalali akainua mkono apige kofi la mwisho, na hapo besi moja ikatoka kwenye viti vya nyuma.

"Taslimu."

Zefania akatembea mpaka mbele, akafungua leso. Pesa ikapita mkono kwa mkono jukwaani. Mkuu wa Majeshi akainusa. Waziri wa Fedha akajifanya anaifahamu. Wanasheria wakainama kwenye kitabu, wakainuka wamesawijika: kanuni ipo.

"Haya, mzee wetu," akasema dalali, jasho linamtoka. "Umenunua, unampa nani?" Na kwa macho akamwonyesha Mtoaji Mkuu, ambaye alishaanza kurekebisha tai kwa ajili ya picha.

Zefania akamtazama jogoo, akatazama watu.

"Mmesema Mungu yuko juu," akasema. "Sawa. Lakini huyu ni kuku, haruki mbali. Nampa mwenye njaa."

"Jina!" Waziri akapaza sauti. "Sheria inataka jina!"

"Mwenye njaa ajitaje."

Hakuna aliyejitaja. Angejitaja nani? Katika nchi karimu kupita zote duniani, kuwa na njaa ilikuwa ni kumkashifu kiongozi. Tumbo moja likanguruma upande wa kushoto. Likajibiwa na jingine kulia, kisha yakawa mengi, uwanja mzima, na bendi ikaamriwa ipige haraka wimbo wa taifa. Wimbo ulipoisha, Waziri akatangaza kwa furaha kwamba mwenye njaa ametafutwa nchi nzima hakupatikana, kwa hiyo mzee abaki na kuku wake, na sasa tunaendelea kunadi kiti.

Njiani Zefania alimbeba kifuani, ndani ya koti. Shemasi alikuwa mwepesi kama mwavuli. Walipofika mlangoni akashuka, akajikung'uta utepe, akakohoa, akawika. Sauti imekwaruza, lakini ya kwake, siyo ya redio. Zefania akajikuta anasema, "Nimeamka, bwana," ingawa ilikuwa jioni, na akakaa naye kizingitini.

Angeweza kumfuga. Nani angemuuliza? Katangaziwa hadharani abaki naye, na Waziri kasema. Wangezeeka wote wawili, uji ungeungua, wangeambiana. Hata Mungu, akajisemea, angeelewa. Na aliposema hivyo ndipo alipojishtukia: Mungu wa kuelewaelewa namna hiyo alikuwa anamfahamu. Ni yule wa Wizarani.

Asubuhi akanoa kisu. Alimshika vizuri, akamwambia maneno ambayo ni yao wawili, na akafanya haraka. Halafu akamnyonyoa polepole sana.

Akampika tangu asubuhi, maana jogoo wa umri ule haivi kwa kubembelezwa. Kitunguu, chumvi, tangawizi. Akafungua mlango, akaweka meza katikati, sahani moja, kiti kimoja. Harufu ikatoka, ikapinda kona, ikaingia dirisha kwa dirisha. Mtaa mzima ukaja kusimama nje ukitazama upande mwingine. Mwalimu akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa kandambili. Mwenye duka akasema, "Mzee Zefania, tutakuja!" Lakini kuvuka kile kizingiti ni kukiri, na kukiri hakuna aliyethubutu. Mchuzi ukaanza kupoa. Zefania akaurudisha jikoni, akaupasha. Ukapoa tena.

Alikuwa anaupasha kwa mara nyingine alipoona kivuli mlangoni. Drusila, shati lake lile lile, na faili kwapani.

"Hodi, mzee. Nimekuja kukagua matumizi ya mali ya Mungu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Karibu, mwanangu. Kagua."

Akaketi. Akafungua faili; halikuwa na karatasi hata moja. Zefania akamwekea paja na mchuzi. Drusila akatazama sahani, akatazama mikono yake, akainamisha kichwa. Aliomba bila kutoa sauti, midomo tu ikicheza, na Zefania akaona neno moja tu likitoka wazi, akageukia jiko ili asionekane uso.

Alipogeuka tena, binti alikuwa hajaanza kula.

"Kuna nini? Chumvi?"

"Mkaguzi hali peke yake. Ni kanuni."

"Kanuni ya wapi hiyo?"

"Sijaiandika bado. Kaa."

Zefania akageuza ndoo, akakaa. Wakala. Na jamani, yule jogoo alikuwa mgumu! Miaka ya uongozi ilikuwa imeingia mpaka kwenye nyuzi za nyama. Unatafuna, unapumzika, unatafuna. Haikuwezekana kabisa kumla na kuondoka, ilibidi ukae. Katikati ya shughuli hiyo mwalimu akabisha hodi, akasema kwamba na yeye, kwa kweli, ni mkaguzi. Baadaye mwenye duka akaingia kukagua mchuzi. Akina mama wakaja kukagua shingo na maini. Hakuna aliyeongea, vinywa vilikuwa kazini. Waliketi sakafuni wanatafuna, na nyumba ikajaa sauti hiyo tu, kama ng'ombe usiku zizini.

Jua lilipoanza kushuka wakaguzi wakaaga mmoja mmoja, wakilamba vidole. Drusila akabaki wa mwisho, akaosha sahani, akachukua faili lake tupu.

"Basi mzee, kesho nikitoka kazini napita."

"Kuku ameisha, mwanangu. Hata mifupa mmekagua."

"Nani kauliza kuku?"

Zefania alifungua mdomo kujibu, akakuta bado ana kipande hakijakubali kumezwa, akampungia mkono tu. Akaendelea kutafuna.